BWANA SUFURIA NA BWANA KARAI: NANI MWIZI?

Muhula uliopita mimi na rafiki yangu tulikaa wiki mbili bila kusemezana. Chanzo? Katuni! Nilikuwa nimemchora Bwana Sufuria kwenye ubao wa chama chetu: sufuria kichwani, shuka mgongoni, mtetezi wa wanyonge. Haukupita mwezi, rafiki yangu akabandika Bwana Karai. Karai kichwani, shuka mgongoni! Nikamwita mwizi mbele ya darasa zima. Naye akanijibu, "Kwani sufuria ni za baba yako?"

Mwalimu mlezi wa chama alitusikiliza, kisha akaniagiza nikatafute jinsi mahakama zinavyoamua mambo kama hayo. Haya ndiyo niliyoyapata.

1. Superman na Wonder Man
Superman alitokea Marekani mwaka 1938. Jerry Siegel alimtunga, Joe Shuster akamchora, na haki zake wakaziuza kwa dola 130 tu! Mwaka 1939 kampuni nyingine ikamtoa Wonder Man. Naye risasi hazimwingii, naye huponda bunduki kwa mkono, naye huficha sare yake ndani ya nguo za kawaida. Wenye Superman wakaenda kortini.

Mwaka 1940 mahakama ya rufani ilisema hivi: wazo la mtu mwenye nguvu anayewasaidia wanyonge ni la kila mtu, kwani hata Hercules wa hadithi za kale alikuwa na nguvu. Lakini namna wazo hilo lilivyochorwa na kusimuliwa ina mwenyewe. Mahakama iliona tofauti kubwa ya wawili hao ni sare tu, mmoja ya buluu na mwingine nyekundu. Wenye Superman wakashinda.

2. Superman na Captain Marvel
Captain Marvel wa kampuni ya Fawcett alitokea mwaka 1940. Huyu alikuwa na lake: ni mvulana, Billy Batson, anayetamka neno moja na kugeuka pande la mtu. Hata hivyo alishtakiwa mwaka 1941. Mwaka 1951 mahakama ya rufani ikaamua kwamba kila kisa kinachodaiwa kuigwa kilinganishwe na kile cha Superman, kimoja kimoja. Mwaka 1953 Fawcett, mauzo yakiwa yameshuka, ilikubali kulipa dola 400,000 na kuacha kumchapisha.

3. Hapa kwetu
Kenya tuna Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Wazo lililo kichwani tu halilindwi. Sharti liandikwe au lichorwe. Likishachorwa, mchoro hulindwa maisha yote ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake.

Basi nikaiweka michoro yetu mezani, nikailinganisha kitu kimoja kimoja. Shujaa wa vyombo vya jikoni? Hilo ni wazo, na wazo ni la wote. Shuka mgongoni? Jamani, mimi mwenyewe nililitoa kwa Superman! Lakini pengo la jino la kushoto, kijiko kifuani, na kile kisa cha mtoto wa Kidato cha Kwanza aliyenyang'anywa maandazi vilikuwa vyangu kabisa.

Nilimwendea rafiki yangu nikamwomba radhi kwa lile neno "mwizi". Alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Kile kisa cha maandazi nilikichukua kweli." Siku hizi Bwana Karai ana meno yote na anafanya kazi sokoni. Anachekesha kuliko wangu, ingawa inaniuma kusema hivyo.

Zoezi: Chora shujaa wako. Mpe mwenzako achore wa kwake kwa wazo lilo hilo, bila kuutazama mchoro wako. Kisha linganisheni: kipi ni cha wote, na kipi kina mwenyewe?