Blanketi la Kuzuia Cheche: Kulichagua na Kulitumia Katika Kazi za Kuchomelea

Mwongozo huu umeandikwa kwa mafundi wa kuchomelea, wasimamizi wa karakana, na wenye nyumba au maghala wanaoita fundi kuja kutengeneza geti, grili au kenchi za chuma mahali ambapo watu wanaishi au mali imehifadhiwa.

Kabla ya kutandika chochote

Swali la kwanza ni kama kazi hiyo ni lazima ifanyikie hapo. Grili inayofunguka kwa boliti nne ipelekwe karakanani. Ikiwa haiwezekani, basi viondolewe vinavyoshika moto: magodoro, makaratasi, maranda, mikebe ya rangi na thina, mitungi ya gesi ya kupikia. Viwango vya Marekani vinataka eneo la takriban mita 11 kuzunguka kazi liwe safi, na hiyo si tahadhari ya kupita kiasi. Cheche za kukata chuma hudunda sakafuni, hubingirika na kujipenyeza mbali na fundi anakotazama. Blanketi ni kwa ajili ya kile kilichoshindikana kuondolewa, kama sakafu ya mbao, kabati lililojengewa ukutani, nyaya, au siti za gari. Fundi anayeanza na blanketi ameanza mwisho.

Tarehe 9 Februari 1942, meli ya Kifaransa Normandie ilikuwa bandarini New York ikigeuzwa kuwa meli ya kubeba askari. Cheche za tochi ya gesi iliyokuwa ikikata nguzo ya chuma ukumbini ziliangukia rundo la majaketi ya kuokolea maisha, yaliyojazwa sufi, sufi ile ile ya mito na magodoro yetu. Moto ulienea, na usiku huo meli ikalala ubavu kwa uzito wa maji yaliyomwagwa kuuzima. Rundo lile lingeweza kuhamishwa.

Kuchagua

Wanunuzi wengi huangalia nyuzijoto zilizoandikwa kwenye lebo na kuchukua namba kubwa wanayoimudu. Namba hiyo hupotosha. Kitambaa cha nyuzi za kioo huhimili joto la kudumu la takriban nyuzi 540 za Selsiasi, na cha silika hufika karibu 1,000. Chuma huyeyuka karibu na nyuzi 1,500. Kwa hiyo kila tone linalodondoka lina joto kuliko lebo zote mbili. Kinachookoa kitambaa ni udogo wa tone na kutotulia kwake: likiteleza, hupoa kabla ya kutoboa. Likitua na kurundikana na wenzake, joto hukaa mahali pamoja na kitambaa huachia.

Ndiyo maana jambo la kupima ni namna cheche zitakavyokifikia kitambaa, na namba ya lebo ije baadaye. Kikining'inizwa wima kama pazia, nyuzi za kioo nyepesi zinatosha kwa kazi nyingi za gereji na za kusaga kwa grenda. Kikitandazwa bapa chini ya mtu anayechomelea, kinahitaji kuwa kizito zaidi, na ni vizuri kiwe kimepakwa silikoni au madini ya kukinga joto ili matone yasing'ang'anie. Kazi ya kukata kwa gesi juu ya kichwa, ambapo mavi ya chuma humwagika kwa wingi, inadai silika au mkeka mnene uliotengenezwa kwa kazi hiyo. Muuzaji aulizwe moja kwa moja: hili ni la kuning'iniza au la kutandika? Akikosa jibu, tafuta duka jingine.

Blanketi dogo la kuzimia moto jikoni si mbadala. Limekusudiwa kufunika sufuria ya mafuta yanayowaka, kisha litupwe. Turubai la plastiki na blanketi la kawaida la kulalia havifai kabisa. Mengi ya mablanketi hayo ni ya nyuzi zinazoyeyuka na kuganda kwenye ngozi. Gunia lililoloweshwa limezoeleka mno mitaani, lakini hukauka katikati ya kazi bila mtu kugundua, na maji yake sakafuni yanamweka anayetumia mashine ya umeme katika hatari ya kupigwa shoti.

Kutumia

Vaa glavu na mikono mirefu, kwa kuwa nyuzi za kioo huwasha. Tandika vipande vipandane angalau shubiri moja, na ukingo wa kipande cha juu uelekee mbali na cheche ili zisiingie kwenye maungio. Ziba mianya ya sakafu, matundu ya mabomba na nafasi zilizo chini ya milango. Katika uwanja wa ndege wa Düsseldorf, Ujerumani, tarehe 11 Aprili 1996, kazi ya kuchomelea ilifanyika juu ya jengo la abiria. Chuma cha moto kilipita kwenye mwanya na kuwasha povu la kuhami joto lililofichwa darini. Watu 17 walikufa.

Blanketi halizuii joto kusafiri ndani ya chuma chenyewe. Ukichomelea boriti inayopenya ukuta, mtu awe upande wa pili akitazama. Wala halizuii mvuke wa petroli: karibu na tangi la mafuta, suluhisho ni kulitoa tangi kwenye gari na kulipeleka mbali, si kulifunika.

Awepo msaidizi asiye na kazi nyingine ila kuangalia moto, akiwa na mtungi wa kuzimia kando yake. Kazi ikiisha, abaki saa nzima. Maranda au sponji ya kiti huweza kufukuta muda mrefu bila moshi wa kuonekana, na saa hiyo ndiyo fundi huwa ameshapanda bodaboda. Mwenye nyumba ana haki ya kudai saa hiyo na wajibu wa kuilipia. Moto ukizidi mtungi mmoja, watu watoke na zimamoto waitwe. Tanzania namba ni 114.

Kuhusu gharama, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya Tanzania ya 2003 na ile ya Kenya ya 2007 zinamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga. Kumkata kibarua posho kwa ajili ya blanketi hakukubaliki.

Kila baada ya kazi likung'utwe nje, kisha liinuliwe kuelekea mwangaza. Likipitisha nuru penye tundu, likichakaa kingo, au likilowa grisi au rangi, lisitumike tena kukinga. Lisikatwe vipande kwa matumizi mengine: nyuzi zake hutoka kila linapokatwa.