Hisa ya Senti Arobaini: Rahisi au Ghali?

Bumu likiingia siku hizi, kuna wenzetu ambao hawaishii kulipa madeni ya mgahawani na kununua viatu. Wanaingia kwenye simu wananunua hisa. Sina ugomvi nao. Kijana anayejifunza kuwekeza akiwa bado chuoni anastahili pongezi. Ila kuna mtindo mmoja unanitia wasiwasi: wengi wanakimbilia kampuni za teknolojia za nje ambazo hisa zake zimeporomoka hadi senti. Hoja yao ni moja: "Hii ilikuwa dola hamsini, sasa ni senti arobaini. Itashuka mpaka wapi tena?"

Mimi nasomea ualimu, Hisabati na Uchumi, kwa hiyo makala hii nimeipanga kama andalio la somo. Lengo mahususi ni hili: ukimaliza kusoma, uweze kueleza kwa nini hisa ya bei ndogo si lazima iwe hisa rahisi, na ujue maswali ya kujiuliza kabla hujaongeza hata shilingi moja. Mfano nimeuchukua Kanada, kwa kuwa kisa chake kimeshaisha na mwisho wake unajulikana.

Kisa cha Nortel

Nortel ilianzia Montreal mwaka 1895, ikitengeneza vifaa vya simu. Miaka ya 1990 iliwekeza sana kwenye mitambo ya kusafirisha data kupitia mkongo. Intaneti ilikuwa inakua kwa kasi, na watu wakaamini mitambo hiyo itahitajika bila kikomo. Mwaka 2000 hisa moja ilifika dola 124.50 za Kanada. Nortel peke yake ilibeba zaidi ya theluthi moja ya thamani ya kampuni zote katika soko la hisa la Toronto.

Usidhani wote walioshika hisa hizo walikuwa wacheza kamari. Mwaka huohuo kampuni ya BCE, inayomiliki Bell Canada, iligawa sehemu kubwa ya hisa zake za Nortel kwa wanahisa wake. Bell ni kampuni ya simu ambayo wastaafu waliipenda kwa ajili ya gawio. Kwa hiyo mzee aliyenunua hisa za kampuni ya simu ili apate hela ya uzeeni, alijikuta ana Nortel mkononi bila hata kwenda kuitafuta.

Kisha wateja wakaacha kununua. Kampuni za mawasiliano zilikuwa zimetandaza mkongo kuliko mahitaji, nyingi zikitumia mikopo. Kwa mwaka 2001 Nortel ilitangaza hasara ya zaidi ya dola bilioni 27 za Marekani. Maelfu kwa maelfu ya wafanyakazi walipunguzwa. Mwaka 2002 hisa ile ya dola 124.50 ilikuwa inauzwa kwa senti 67.

Hesabu ya kwanza: imeshuka kutoka wapi?

Kutoka 124.50 hadi 0.67 ni anguko la zaidi ya asilimia 99. Hilo kila mtu analiona. Sasa tumwangalie aliyenunua katikati ya safari. Aliyeingia bei ikiwa dola 10, akifurahi kwamba amepata cha rahisi, alipoteza asilimia 93 hisa ilipofika senti 67. Aliyesubiri hadi dola 2 alipoteza kama asilimia 66. Wote wawili walinunua hisa ambayo "imeshashuka sana". Ukweli ni kwamba chini ya bei yoyote kuna bei nyingine, na ya mwisho kabisa ni sifuri. Kutoka senti 40 hadi sifuri ni hasara ya asilimia 100, sawasawa na kutoka dola 50 hadi sifuri.

Haki itendeke: aliyenunua kwa senti 67 alicheka. Kufikia mwanzoni mwa 2004 bei ilikuwa imepanda zaidi ya mara kumi, na kampuni ilikuwa imetangaza kurudi kwenye faida. Hadithi za namna hii ndizo zinazosambaa hosteli. Lakini endelea kusoma. Aprili 2004 bodi ilimfukuza kazi mtendaji mkuu pamoja na wakuu wawili wa fedha, na hesabu zilizokwisha kutangazwa zikabidi zirekebishwe. Walishtakiwa, na mwaka 2013 mahakama ya Ontario ikawaachia huru. Kwa mwenye hisa, hukumu hiyo ilikuja kampuni ikiwa imeshakufa.

Hesabu ya pili: ujanja wa bei

Tarehe 1 Desemba 2006 Nortel iliunganisha hisa zake: kila hisa 10 zikawa 1. Bei ikapanda mara kumi kwa siku moja, bila mtu yeyote kutajirika. Chukua mfano huu. Una hisa 2,000 za shilingi 50, jumla shilingi 100,000. Zikiunganishwa kumi kwa moja unabaki na hisa 200 za shilingi 500. Jumla? Shilingi 100,000 ileile. Ni kama kubadilisha noti kumi za elfu moja upewe noti moja ya elfu kumi.

Kwa nini basi kampuni hufanya hivyo? Masoko makubwa ya Marekani yana kanuni: hisa ikikaa chini ya dola 1 kwa siku 30 za biashara mfululizo, kampuni hupewa onyo na inaweza kuondolewa sokoni. Kuunganisha hisa hupandisha bei, lakini hakuongezi mauzo wala hakulipi deni. Ukisikia kampuni yako inaunganisha hisa, usishangilie bei mpya. Tazama idadi ya hisa ulizobaki nazo.

Kuna na ujanja wa upande wa pili. Kampuni yenye shida ya fedha huuza hisa mpya ili ipate pesa ya kuendeshea shughuli. Nortel ilifanya hivyo Juni 2002, ikauza hisa mpya mamia ya milioni kwa bei ya chini. Kama kampuni ina hisa 100 na wewe unazo 10, kipande chako ni asilimia 10. Ikitoa nyingine 100, kipande chako kinakuwa asilimia 5, na hujauza hata moja. Keki ni ileile, walaji wameongezeka.

Hesabu ya tatu: foleni

Hapa ndipo moyo wa somo ulipo. Tarehe 14 Januari 2009 Nortel iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Juni mwaka huo hisa zake ziliondolewa katika soko la Toronto, bei ikiwa chini ya senti 20, na hizo ni hisa zilizokwisha kuunganishwa. Baada ya hapo mali zikauzwa kipande kimoja kimoja. Mwaka 2011 hataza zake, yaani haki za uvumbuzi, ziliuzwa kwa dola bilioni 4.5 za Marekani kwa kundi la kampuni zilizokuwemo Apple na Microsoft. Kwa jumla zilikusanywa takriban dola bilioni 7.3.

Sasa swali kwa darasa: wanahisa walipata kiasi gani? Jibu ni sifuri.

Teknolojia ilikuwa nzuri na hataza zilikuwa na thamani kweli. Lakini kampuni ikianguka, watu wanalipwa kwa foleni. Mbele wapo gharama za ufilisi na wadai wenye dhamana. Nyuma yao wapo wenye hati fungani, waliouza bidhaa kwa mkopo, wafanyakazi na wastaafu wanaodai mafao. Mwenye hisa za kawaida ndiye wa mwisho. Foleni ya Nortel ilibishaniwa mahakamani kwa miaka, na hata wadai wengi wa kawaida hawakulipwa deni lote. Hapa Tanzania nako ni vilevile: wadai kwanza, wanahisa mwisho. Kwa hiyo mtu akikwambia "teknolojia yao ni kali, haiwezi kupotea hivihivi", mjibu kwamba teknolojia inaweza kubaki na wewe ukapotea.

Subira ya kweli na subira ya jina

Mwenzangu mmoja darasani ana hisa za kampuni ya nje alizonunua kwa dola tatu, na sasa anataka kuongeza nyingine kwa senti arobaini ili wastani wake ushuke. Hesabu yake ni sahihi. Tuseme una hisa 1,000 za shilingi 500 na bei imeshuka hadi 50. Ukinunua 1,000 nyingine, wastani unakuwa 275, na bei ikipanda mara tano na nusu umerudisha chako, badala ya mara kumi. Lakini pia umetoa shilingi 50,000 zaidi. Kampuni ikifa, hasara inakuwa 550,000 badala ya 500,000. Wastani umeshuka kwenye daftari lako, lakini kampuni haijui wewe ulinunua kwa shilingi ngapi.

Tunapenda kusema subira huvuta heri. Ni kweli, ila wahenga haohao walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Kinachotofautisha ni sababu ya kusubiri. Anayesubiri kwa kuwa mauzo yanaongezeka na deni linapungua ana subira. Anayesubiri "angalau irudi nilipoinunulia" anajaribu kuzoa maji yaliyokwisha kumwagika.

Zoezi

Chukua taarifa ya fedha ya karibuni ya kampuni unayoimiliki au unayoitamani. Jibu maswali haya kwa maandishi, maana kichwani tunajidanganya:

1. Ina fedha taslimu kiasi gani, na kila mwaka inatumia kiasi gani kuliko inavyoingiza? Gawanya namba ya kwanza kwa ya pili. Jibu ni miaka iliyobaki kabla haijarudi kuomba pesa.

2. Ina deni kiasi gani, na linaiva lini? Hao ndio walio mbele yako kwenye foleni.

3. Idadi ya hisa ilikuwa ngapi miaka mitatu iliyopita, na sasa ni ngapi?

4. Kama leo usingekuwa na hisa hata moja ya kampuni hii, je, ungenunua kwa bei ya leo?

Swali la nne ndilo gumu, na halihitaji kikokotoo. Ukijibu ndiyo na una sababu kutoka maswali matatu ya kwanza, nunua kwa pesa ambayo hata ikipotea utakula na utalipa ada. Ukijibu hapana, basi bumu lijalo lina kazi nyingine.