Kumwandaa mwalimu wa somo la mauaji ya kimbari: hatua sita kwa vyuo vikuu

Semina ya siku moja, posho, cheti, picha ya pamoja, kisha kila mtu kwao. Kwa mwalimu atakayefundisha Maangamizi ya Wayahudi au mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi wa Rwanda, hiyo haitoshi. Maswali magumu ya wanafunzi huja baada ya mwezeshaji kuondoka. Kitivo cha elimu kinachotaka kumsaidia kweli kizingatie haya.

1. Pima kwanza wanachojua walimu. Kituo cha elimu ya Maangamizi cha University College London, kilichoanzishwa 2008, kilianza kwa kuwahoji walimu, kisha maelfu ya wanafunzi wa sekondari za England, ambako mada hii ni ya lazima tangu 1991. Wanafunzi wengi walimtwisha Hitler lawama zote. Wengi pia walidhani Wayahudi walikuwa sehemu kubwa ya wakazi wa Ujerumani, ilhali mwaka 1933 hawakufika asilimia 1. Nawe gawa dodoso fupi kabla ya kuandaa mada, kisha mafunzo yajibu makosa utakayoyakuta.

2. Tanguliza historia, mbinu zifuate. Mwalimu anayejua tu kwamba Wayahudi milioni 6 waliuawa ataishia kutaja idadi. Apitishwe hatua kwa hatua: Sheria za Nuremberg za 1935, mageto, vikosi vya kupiga watu risasi kuanzia 1941, kisha kambi kama Treblinka; na aone kazi ya makarani, polisi na watu wa reli. Kwa Rwanda, aanzie kwenye vitambulisho vya kabila vya miaka ya 1930 chini ya Wabelgiji, afike kwenye matangazo ya redio RTLM na vizuizi vya barabarani vya 1994. Linganisha namna mauaji yalivyoandaliwa, usishindanishe mateso.

3. Toa ushuhuda kwa kipimo. University of Southern California inatunza hazina iliyoanzishwa na Steven Spielberg mwaka 1994, yenye shuhuda za video zaidi ya 50,000, zikiwemo za manusura wa Rwanda. Mfundishe mwalimu kuchagua kipande cha dakika chache, nacho kigusie pia maisha ya msimulizi kabla ya mauaji. Picha za maiti aziache. Asiwaigizishe wanafunzi, huyu mfungwa, yule askari: igizo hilo huumiza au huchekesha, wala halifundishi.

4. Tumia hukumu za Arusha. Tarehe 2 Septemba 1998, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoketi Arusha, ilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa hilo kama linavyoelezwa na Mkataba wa 1948 wa mauaji ya kimbari. Wape walimu kurasa chache za hukumu na swali moja: ni ushahidi gani ulithibitisha nia ya kuangamiza kundi? Nia hiyo ndiyo inayotenganisha kosa hili na mauaji mengine.

5. Mkumbuke mwenye jeraha. Kigali, Bujumbura, Goma, au shule yoyote yenye wakimbizi, dawati moja linaweza kuwa na mtoto wa manusura na mtoto wa mtuhumiwa. Mwalimu asimlazimishe yeyote kueleza habari za nyumbani kwao, na ajue mapema mshauri nasaha wa kumpelekea anayezidiwa.

6. Rudi shuleni. Mwalimu afundishe, mkufunzi akae nyuma ya darasa, kisha walirekebishe andalio la somo pamoja. Anayemudu apewe shule jirani za kulea. Mada iingizwe pia kwenye shahada ya ualimu, isitegemee mfadhili. Na bajeti ikipangwa, tenga kwanza nauli za ufuatiliaji. Kitakachobaki ndicho kiende kwenye posho na ukumbi.