Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Somo Tulipatalo Safarini

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Methali hii twaijua tangu utoto, na kila mmoja wetu ameitamka mara nyingi akimkaribisha mtu barazani. Lakini tumezoea kuitazama kwa upande wa mwenyeji tu, aliye kwake, mwenye jiko na kitanda. Leo, wasomaji wetu, yafaa tuitazame pia kwa upande wa mgeni aliye njiani, ambaye usiku umemkuta mahali asipojua lugha wala mtu. Tutafanya hivyo katika nchi ya kusini mwa Nyanza, ambayo siku hizi ni Kaunti za Homa Bay na Migori.

GARI LILILOKWAMA

Mwaka mmoja, katika majira ya masika, niliondoka Homa Bay asubuhi kwenda kuzitazama kuta za mawe za Thimlich Ohinga. Njia niliyoifuata hupita Rongo, kisha Awendo penye mashamba ya miwa, ndipo ifike mjini Migori. Kutoka Migori mpaka penye kuta hizo ni mwendo wa kilomita 46 hivi, kuelekea kaskazini-magharibi.

Katika matatu tuliyopanda jioni ile tulikuwa abiria wanne pamoja na dereva. Mmoja alikuwa mkulima Mkuria. Wa pili mfanyabiashara Msomali wa mjini Migori. Wa tatu mama wa Kikisii mwenye vikapu vya ndizi. Wa nne mimi. Hatukusemezana. Nami lazima nikiri jambo moja linalonitia haya hata leo. Kabla sijaondoka nyumbani, rafiki yangu alinionya nijihadhari na watu wa njia ile, maana, alisema, si watu wa kuaminiwa. Basi nilikuwa nimepakata mkoba wangu kwa mikono miwili, nikimtazama kila mmoja kwa jicho la pembeni.

Mvua ikanyesha. Udongo wa sehemu zile ni mweusi na wa kunata, na magurudumu ya gari yalizama mpaka nusu. Tulisukuma mpaka giza likaingia, bila faida. Ndipo tulipoona taa ya kibatari katika boma moja, tukaenda kupiga hodi.

Aliyetufungulia alikuwa bibi mzee wa Kijaluo, mwenye Kiswahili kidogo. Hakutuuliza sisi ni kina nani wala tumetoka wapi. Alituonyesha mahali pa kukaa karibu na moto, akatuletea maji ya kunawa, akasonga ugali wa mtama na kupika mlenda. Kisha akaona kwamba miongoni mwetu yumo Mwislamu. Akaenda akakamata kuku, akamtia yule Msomali mkononi pamoja na kisu, akamwambia amchinje yeye mwenyewe kama dini yake impasavyo. Basi sote tulimla kuku yule, na tangu hapo tukaanza kuzungumza. Yule Mkuria alitueleza habari za ng'ombe wake, na mama wa Kikisii akamgawia kila mmoja wetu ndizi.

Nililala nikiwa nimeuweka mkoba wangu chini ya kichwa. Kulipokucha niliuona mahali pale pale, na karibu na mlango niliviona viatu vyangu, vimeoshwa matope yote.

Vijana wa jirani walikuja na kamba na majembe, wakalitoa gari, nasi tukawapa chochote kwa kazi yao. Lakini yule bibi alikataa fedha kabisa. Aliniambia, "Nyathina," yaani mwanangu, "mimi nina mtoto Mombasa. Hajaniambia hata siku moja kwamba alilala njaa. Basi huko yuko mama ambaye simjui, naye humlisha. Sina njia ya kumlipa yeye. Namlipa kwenu."

Wasomaji wapendwa, nilisoma miaka mingi shuleni, lakini sikumbuki kama nilipata kufundishwa maneno mazito kuliko hayo.

KIJIJI KILICHOZAMA

Karibu na Kendu Bay, katika Kaunti ya Homa Bay, liko ziwa dogo liitwalo Simbi Nyaima. Maji yake ni ya magadi na rangi yake ni ya kijani, na pengine ndege heroe hukusanyika hapo kwa wingi. Wataalamu wa miamba wasema kwamba ni shimo la volkano lililojaa maji.

Lakini wazee wa Kijaluo wana hadithi yao. Wasema kwamba zamani mahali hapo palikuwa na kijiji, na siku moja wenyeji walikuwa wakila, wakinywa na kucheza ngoma. Akaja bibi kizee, mgeni, mchovu na mwenye njaa, akaomba ahifadhiwe. Wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu alimwonea huruma, akampa chakula na mahali pa kuota moto. Yule mgeni akamwambia awachukue watu wa nyumba yake waondoke upesi. Ikanyesha mvua kubwa, na kijiji kizima kikazama pamoja na waliokuwamo. Jina Simbi Nyaima kwa Kijaluo maana yake ni kijiji kilichozama.

Msomaji na apime hadithi hii vizuri. Aliyekuwa hatarini si mgeni. Yeye alikuja akaenda zake. Waliokuwa hatarini ni wenyeji, nao hawakujua. Basi hii ndiyo maana kamili ya methali yetu: mwenyeji apone. Wajaluo wa ziwani na Waswahili wa pwani hawakukaa shule moja, lakini wamefikia neno lile lile. Hapana shaka kila taifa limejifunza jambo hili kwa wasafiri wake wenyewe.

KUTA NA MILANGO YAKE

Siku ile tulifika Thimlich Ohinga. Ni boma kubwa lililojengwa kwa mawe matupu, bila udongo wala saruji ya kuyashikanisha. Wachunguzi wa mambo ya kale wakisia kwamba lilianza kujengwa katika karne ya 16. Kuta zake zina kimo cha mita 1.5 mpaka mita 4.5, na ndani yake waliishi watu pamoja na mifugo yao. Mwaka 2018 shirika la UNESCO lilipaandika mahali hapo katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Mtu azitazamapo kuta hizo atasema kwamba watu wa zamani waliogopana, na ni kweli. Milango ni myembamba na mifupi, hata mtu mzima huinama aingiapo. Hata hivyo, wachunguzi wametuambia pia kwamba waliokaa humo kwa zamu, karne baada ya karne, hawakuwa watu wa lugha moja. Waliokuja nyuma waliyatengeneza mawe yaliyopangwa na waliotangulia, wakaendelea kukaa. Ukuta ni ushahidi wa hofu, lakini kazi ile iliyopokezanwa ni ushahidi wa jambo jingine.

Nchi hii yote imejengwa na wasafiri. Wajaluo walitoka pande za Sudani Kusini, wakapita Uganda, mwendo wa vizazi vingi. Wasuba wa visiwa vya Rusinga na Mfangano husimulia kwamba babu zao walivuka ziwa kwa mitumbwi kutoka Buganda. Leo Wasuba wengi husema Kijaluo kama lugha ya nyumbani. Mwenyeji wa leo ni mjukuu wa mgeni wa jana.

MPAKA ULIOFUNGWA

Kusini mwa Migori uko mji wa Isebania, na ng'ambo ya pili ni Sirari, nchi ya Tanzania. Wakuria wako pande zote mbili, Migori na Tarime, na Wajaluo vivyo hivyo. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilipovunjika, mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa, nao haukufunguliwa mpaka mwaka 1983. Serikali zilikuwa na sababu zao. Lakini mtu aliyekuwa na shangazi au mkwe ng'ambo ya pili hakuhitaji kuambiwa na mtu yeyote kwamba watu wa huko ni binadamu. Alikwisha kula kwao. Jumuiya mpya ilipotiwa saini Arusha mwaka 1999, mambo mengi yalipaswa kuanzwa upya, lakini undugu haukuwa mojawapo.

SAFARI YA MBALI ZAIDI

Tena tumkumbuke Tom Mboya, ambaye jamaa zake ni wa kisiwa cha Rusinga, naye amezikwa huko tangu mwaka 1969. Mwaka 1959 alifanya mpango wa kuwapeleka vijana wa Kenya kusoma Marekani, na ndege ya kwanza ilichukua wanafunzi 81. Huko Marekani watu wenye majina makubwa, kama vile mwimbaji Harry Belafonte na mchezaji Jackie Robinson, waliwachangishia fedha za nauli. Hawakuwa wamewajua vijana wale, wala hawakutazamia malipo. Katika miaka iliyofuata mamia ya wanafunzi wa Afrika Mashariki walipita njia ile. Mtu aweza kusema kwamba yule bibi wa boma la Migori na wachangaji wale wa Marekani walifanya kazi moja, ila mmoja alitoa kuku na wengine walitoa dola.

SI KILA ASAFIRIYE HUJIFUNZA

Hata hivyo tusijidanganye. Wako watu wazungukao dunia nzima wakarudi na dharau ile ile waliyoondoka nayo. Na kukaa karibu peke yake hakutoshi. Mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu zaidi ya 1,000 waliuawa nchini Kenya, na mamia ya maelfu walihama makwao. Wengi katika waliofukuzana walikuwa majirani wa miaka mingi.

Basi, safari hutufundisha kwa njia gani? Mimi naona ni hivi. Nyumbani mtu ana mlango wake, sufuria yake na jamaa zake, kwa hiyo aweza kuishi mwaka mzima bila kuhitaji wema wa mtu mgeni kwake. Asipouhitaji, hauoni, na asipouona, husadiki kwamba haupo. Safarini ile njaa, ile mvua na lile tope humvua kiburi, akapiga hodi. Hapo ndipo aujuapo moyo wa yule aliyeonywa amwogope. Asafiriye bila kumhitaji mtu ameona milima na mito tu. Aliyepokewa ndiye aliyeona watu.

Na aliyepokewa ana deni. Deni hilo hawezi kulilipa kule alikolikopa, maana huenda asirudi tena. Hulilipa mlangoni pake mwenyewe, kwa mgeni ajaye usiku, awe wa kabila lolote na dini yoyote. Mimi nimerudi nyumbani kwangu, na yule rafiki aliyenionya bado ni rafiki yangu. Nilipomwambia habari za viatu vile hakunijibu neno. Lakini mwezi uliofuata nilimkuta kwake, amempa mahali pa kulala mchuuzi mmoja wa Kikuria aliyekosa gari la kurudi kwao.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA BARAZANI

1. Je, umepata kupokewa na mtu usiyemjua? Ulimlipa nini, na nani amelipwa kwa ajili yake?

2. Kwa nini katika hadithi ya Simbi Nyaima aliyepona ni yule aliyetoa, wala si wale waliojiwekea?

3. Je, liko kabila ambalo umeonywa uliogope? Ni watu wangapi wa kabila hilo ambao umekula nao chakula?