Ukifokewa Langoni mwa Ofisi ya Umma

Mwananchi amefika na fomu ya basari siku ya mwisho. Mlinzi anamfokea mbele ya foleni: "Wewe, rudi kesho!" Wengi hujibu kwa hasira, na jioni fomu bado iko mkononi.

Kifungu cha 48 cha sheria ya mwaka 2016 ya kudhibiti walinzi wa kibinafsi kinamruhusu mlinzi kuitisha kitambulisho na kuandika saa ya kuingia na kutoka. Hilo mwananchi alitii, hata likiitishwa vibaya. Matusi hayamo katika kifungu hicho.

Kisha aseme kwa sauti ya chini: "Afande, fomu hii mwisho wake ni leo. Naomba kuongea na msimamizi wako." Asimguse mlinzi wala kusukuma lango, mlalamishi hugeuka mshtakiwa hivyo.

Malalamiko yangoje fomu ipokelewe. Siku hiyo hiyo aandike jina lililo kwenye beji, lango, saa na maneno yenyewe (si "alinidharau" tu), apeleke kwa mkuu wa ofisi na kubaki na nakala iliyopigwa muhuri. Asipojibiwa, Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi huiita Ombudsman, hupokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma bila malipo.