Mdogo Wangu, Usisaini Kwanza

Haya wadogo zangu, sogeeni. Barua ya leo ni moja, lakini ndani yake mmo wengi. Ameiandika binti wa Arusha mwenye stashahada ya TEHAMA, aliyekaa nyumbani muda mrefu akisambaza wasifu bila kuitwa popote. Sasa kampuni moja ya Nairobi imemwita: kazi ya kuzifundisha kompyuta kutambua picha, mkataba wa miezi mitatu, malipo kwa saa, wiki moja mchana, wiki moja usiku. Mjomba wake kasema huo ni utumwa wa kisasa. Rafiki yake kasema ukizubaa wenzio wanabeba. Yeye ananiuliza, "Dada, niende?"

Nitakujibu, mwanangu, ila kwanza tuijue hiyo biashara unayoingia, maana mjomba na rafiki yako kila mmoja kashika upande wake.

Kwa msioijua kazi yenyewe, iko hivi. Unafunguliwa picha ya barabara iliyopigwa na kamera ya gari, huko Marekani. Unachora kisanduku kuzunguka kila gari, kila baiskeli, kila mtembea kwa miguu, na kila kisanduku unakipa jina. Mtu aliyejificha nusu nyuma ya lori, unamchora mpaka wapi? Ukionekana mguu peke yake, huyo ni mtu au si mtu? Majibu yamo kwenye mwongozo, na mwongozo wenyewe hubadilika. Mstari ukizidi ukingo kidogo, mkaguzi anakurudishia. Ukimaliza picha hiyo inakuja nyingine, na juu ya kioo saa inakuhesabia. Gari linalojiendesha huko Ulaya na Marekani linajifunza kutomgonga mtu kwa macho ya binti aliyekaa Nairobi. Ni kazi ya maana kabisa, msiidharau. Ila malipo yake ni habari nyingine.

Biashara hii ya kufanya kazi za kompyuta za watu wa mbali haikuanzia Kenya. Waliotutangulia ni Wahindi, na hapo nitakaa kidogo kwa sababu habari yao huwa inasimuliwa nusu. Mwaka 1981 Narayana Murthy na wenzake sita walianzisha kampuni ya programu za kompyuta, Infosys, kwa mtaji wa dola 250 hivi. Hela hiyo ilitoka kwa mkewe, Sudha, kwenye akiba yake. (Ndiyo, hela ya mke. Akina kaka mnaosoma kona hii kwa kujificha, mmesikia.) Murthy mwenyewe amesimulia mara nyingi kwamba kupata laini ya simu tu kuliwachukua mwaka, na kuingiza kompyuta nchini ilikuwa lazima uhangaike na vibali kwa miaka. Sasa kampuni ya kompyuta isiyo na kompyuta inauza nini? Ikauza watu. Vijana walipandishwa ndege kwenda kukaa kwenye ofisi za wateja Marekani, wakaandika programu hukohuko. Mjomba wako angewaona wale angesema yaleyale anayokuambia wewe.

Kilichobadilisha mambo ni njia ya kupitisha kazi bila kumpitisha mtu. Mwaka 1985 kampuni ya Kimarekani, Texas Instruments, ilifungua ofisi Bangalore, India, ikiunganishwa na kwao kwa setilaiti. Mwaka 1991 serikali ya India ikaanzisha wakala wa maeneo ya teknolojia ya programu, ambao ulizipa hata kampuni ndogo mawasiliano ya setilaiti na nafuu ya kodi. Halafu ikaja hofu ya mwaka 2000. Programu za zamani za mabenki na mashirika ziliandika mwaka kwa tarakimu mbili tu, na watu wakahofu kwamba ikifika 00 kompyuta zitadhani tumerudi 1900. Ikabidi mtu apitie mistari ya programu, mamilioni kwa mamilioni, atafute kila tarehe na kuirekebisha. Nani ataifanya kazi hiyo ya kupofua macho? Mmarekani hakuwa na watu wa kutosha, na aliokuwa nao walikuwa ghali. Ikaenda India.

Sasa nisikilize hapa, maana ndipo lilipo jibu lako. Aliyepitia programu nzima ya benki akitafuta tarehe alitoka akiwa anaijua benki ile inavyofanya kazi ndani: mkopo unahesabiwaje, riba inaingia wapi, mfumo upi unauangusha upi. Na alitoka akimjua meneja wa upande wa pili, na meneja akimjua yeye. Mwaka 2000 ulipopita bila balaa, kazi ya tarehe ikaisha. Wao hawakuisha. Meneja yuleyule aliwapigia akawapa kazi kubwa zaidi, kwa sababu hapakuwa na mwingine aliyeujua ule mfumo. Infosys walikuwa wameshaingia soko la hisa la Nasdaq mwezi Machi 1999, kampuni ya kwanza iliyosajiliwa India kufika pale. Leo sekta hiyo nchini India inaajiri zaidi ya watu milioni 5.

Sikwambii India ni peponi. Mhitimu mpya anayeingia kwenye kampuni kubwa za kule analipwa mshahara ambao kwa zaidi ya miaka 10 haujasogea sana, huku kodi za nyumba za Bangalore zikipaa. Waliopanda ni wale ambao kazi iliwaachia ujuzi ambao mteja angeuhitaji tena.

Wafilipino walipita njia ya simu. Kiingereza cha Kimarekani wanacho tangu zamani, maana Marekani iliwatawala, na kufikia 2010 hivi walikuwa wamewapita Wahindi kwa kazi za kupokea simu za wateja. Sekta yao imepita watu milioni moja. Lakini mchana wa New York ni usiku wa Manila, kwa hiyo ni taifa la vijana wanaokwenda kazini jua likizama. Wewe umeambiwa wiki moja usiku. Usilichukulie hilo kirahisi. Uliza: nikitoka saa nane ya usiku gari la kazini linanifikisha mlangoni, au linaniacha stendi? Msichana anayelipia teksi ya usiku kwa mshahara wa saa amefanya kazi nusu zamu bure. Wapo watakaokuona unadeka. Waache.

Kwetu Afrika Mashariki mlango ulifunguliwa na nyaya za baharini. Kabla ya hapo intaneti yetu ilitegemea setilaiti, ghali na ya kusuasua. Mwaka 2009 mkongo wa SEACOM ukaanza kazi, na TEAMS wa Wakenya ukaunganisha Mombasa na Fujairah, Uarabuni. 2010 ukafuata EASSy. Bei zikashuka, kol senta zikaota Nairobi, na mwaka 2016 serikali ya Kenya ikaanzisha mpango wa Ajira Digital wa kuwafundisha vijana kutafuta kazi mtandaoni. Kazi za kuchora visanduku nazo zikaja, na baada yake kazi za kusoma na kuangalia machafu ya mitandao ili sisi wengine tusiyaone.

Hapo sasa ndipo mjomba wako ana hoja. Januari 2023 jarida la Time liliandika kuhusu vijana wa Nairobi waliokuwa wakisoma maandishi ya ukatili na unyanyasaji na kuyapanga, ili ChatGPT ifundishwe kuyakwepa. Mkononi walikuwa wakipata kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Mkataba kati ya mwenye mtambo, OpenAI, na kampuni iliyowaajiri, Sama, ulitaja dola 12.50 kwa saa. Sisemi tofauti yote ni faida. Kuna pango, umeme, wasimamizi, kodi. Lakini ni hesabu ya dalali wa mazao, na mkulima hapo ni wewe: bei ya mjini huambiwi. Wengine waliokuwa wakichuja picha na video za Facebook walitoka na majeraha ya moyo wakaenda mahakamani. Tarehe 1 Mei 2023 zaidi ya 150 miongoni mwa wafanyakazi wa kazi za namna hii walikutana Nairobi wakapiga kura kuunda chama chao. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Kenya ikasema Meta, wenye Facebook, wanaweza kushtakiwa Kenya hata kama waliowaajiri vijana ni kampuni ya katikati. Kwa hiyo usije ukaambiwa wewe huna pa kusemea.

Na yupo anayeondoka bila kuaga. Machi 2024 Remotasks, jukwaa lililokuwa likigawa vibarua vya mtandaoni, lilisitisha kazi zake Kenya ghafla, na watu walioamka wakitegemea kazi ya siku hiyo wakakuta hakuna. Ndiyo maana mkataba wa miezi mitatu lazima uusome kama mkataba wa miezi mitatu. Usimkopee mdogo wako pikipiki kwa kutegemea mwezi wa nne.

Basi niende? Nenda, lakini usisaini kwanza. Waandikie barua pepe, kwa adabu, uulize. Kwanza, kibali cha kazi: wewe ni Mtanzania unayevuka Namanga kwenda kuajiriwa, nani analipia na nani anakishughulikia? Wakikwambia "njoo tu tutaona", baki Arusha. Halafu uliza picha ni za aina gani. Barabara na mashamba ni sawa. Wakisita kujibu, au wakikutaka usaini karatasi ya "huenda ukakutana na maudhui yanayosumbua", uliza mshauri wa saikolojia yupo lini na kwa muda gani, na kama unaweza kuhamishwa bila kukatwa hela. Uliza saa inahesabiwa vipi: mfumo ukianguka, unalipwa? Kazi iliyorudishwa na mkaguzi, unairudia kwa saa zako au zao? Uliza michango ya hifadhi ya jamii na bima ya afya inakatwa na kupelekwa kweli.

Lipo lingine ambalo wengi hawaliulizi kwa woga: ukaguzi wa kazi za wenzako unafikiwa baada ya muda gani? Mchora visanduku anajua visanduku. Mkaguzi anajua makosa ya watu thelathini na kwa nini yanatokea. Anayeandika mwongozo anakaa kwenye kikao na mteja, anasikia mteja anataka nini hasa. Hizo ngazi mbili za juu ndizo kazi ya tarehe ya wale Wahindi. Na usijidanganye kwamba ngazi ya chini itakungoja, maana mashine zenyewe zimeshaanza kujichorea visanduku vyepesi, na zinazobaki kwa binadamu ni zile picha ngumu zinazohitaji mtu wa kuamua. Ukiona miezi sita imepita na unachokijua ni kilekile ulichokijua wiki ya pili, anza kutafuta kwingine ukiwa bado una mshahara.

Mkataba wa siri nao usome vizuri. Kutokutoa picha za mteja nje, sawa, ni haki yao. Kukukataza kusema unalipwa kiasi gani, au kumweleza mama au daktari wako kwamba kazi inakuumiza, hapo niite.

Wale ambao hamna kampuni na mnataka kujitegemea mtandaoni moja kwa moja, nasema kwa kifupi. Anayekuomba hela ya mafunzo kabla hajakupa kazi ni tapeli, hata akiwa na nembo nzuri. Anayekukodishia akaunti ya mtu wa Marekani amekupa jela yako mwenyewe: siku akibadili neno la siri, jina si lako na hela si yako. Na muwe na njia ya pili ya intaneti ikiwezekana. Mei 2024 EASSy na SEACOM zilipokatika kwa pamoja baharini, Tanzania tulikaa tukitazama duara linazunguka, na mteja wa Ulaya hajui wala hajali mkongo ni nini. Mtumie ujumbe mapema, hata kwa meseji ya simu.

Na msisahau wateja wa hapahapa. SACCOS ya mtaani kwenu bado inaandika marejesho kwenye daftari la kaunta. Zahanati binafsi inapoteza mafaili. Hawalipi kwa dola, na watakuzungusha kwenye malipo, Mungu anajua. Ila huyo mteja unamfahamu kuliko mtu yeyote wa Bangalore, na mfumo ukiharibika unaufikia kwa bodaboda. Ukiwatengenezea SACCOS tatu, ya nne inakutafuta yenyewe.

Binti wa Arusha, andika hiyo barua pepe kesho asubuhi. Wakijibu kwa simu, waombe waandike. Majibu yakija niletee tuyasome pamoja kabla ya kupanda basi. Mjomba mwambie anasalimiwa na dada.