Menyu Moja kwa Kaunta, Meza na Jiko

Nimefunga mifumo ya oda kwenye migahawa kadhaa ya Dar es Salaam, na kila mara naanzia jikoni. Nakaa karibu na mpishi saa za chakula cha mchana, nasikiliza oda zinavyoitwa: “Zege moja, likauke! Ugali samaki, wa nazi!” Maneno hayo ndiyo naingiza kwenye programu. Mteja atasoma “chipsi mayai”, karatasi ya jikoni itoke “zege”, lakini ni chakula kilekile, kimeandikwa mahali pamoja.

Hapo pamoja ndipo kazi yote ilipo. Kila chakula kina jina, bei, sehemu kinakopikwa, na maswali yake. Samaki wa kukaanga au wa nazi? Swali hilo nalifanya la lazima, oda isiondoke bila jibu. Pilipili naiacha hiari. Orodha hiyohiyo ndiyo inayozaa skrini ya kaunta, menyu ya simu za wahudumu, na ile anayoifungua mteja kwa kuskani QR mezani. QR inayofungua picha ya menyu ya zamani italeta ugomvi wa bei wakati wa bili.

Mhudumu anatuma oda moja. Karatasi ya mishkaki inachapwa kwenye jiko la mkaa, ya juisi kaunta ya vinywaji. Karatasi za kawaida za risiti huchapwa kwa joto, kwa hiyo zikikaa karibu na jiko huwa nyeusi na hazisomeki. Pale mkaani weka printa ya utepe wa wino.

Kabla hujalipia programu yoyote, ijaribu hivi: zima pilau kwenye menyu ya kifaa kimoja, kisha tazama vingine. Ikiendelea kuonekana kwenye simu ya mhudumu, achana na programu hiyo. Uwezo wa kuzima chakula mpe mpishi mwenyewe, maana ndiye anayeona sufuria ikiisha. Inaniuma kumwona mhudumu akirudi mezani kuomba radhi kwa pilau iliyokwisha kitambo.

Kisha chomoa intaneti. Oda bado zinafika jikoni kupitia ruta ya ndani? Ruta na printa ziunganishe kwenye UPS, umeme ukikatika ziendelee. Mwisho ulizia mashine ya risiti za kodi, EFD: programu isipozungumza nayo, keshia ataingiza kila bili mara mbili, foleni ikiwa imefika mlangoni.